SITARA YA MTU NA JICHO LA SERIKALI

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Masahaba wake wote. Ama baada ya hayo,



Katika makala hii tunapenda kulieleza jambo linalomgusa kila mmoja wetu, mkubwa kwa mdogo, ijapokuwa wengi hatulipi uzito wake. Jambo lenyewe ni sitara ya mtu katika zama hizi, na mipaka ya serikali katika kuchunguza maisha ya raia wake. Zamani, aliyetaka kujua fulani amekwenda wapi, ameonana na nani na amekaa kwa muda gani, ilimbidi amtume mtu wa kumfuata nyuma. Kazi hiyo ilikuwa ngumu na ya gharama, kwa hiyo waliofuatwa walikuwa wachache. Leo kazi hiyo hufanywa na mashine, nayo inaweza kuwafuata watu milioni moja kwa urahisi ule ule wa kumfuata mmoja.

Tutaanza na mafundisho ya dini yetu, kisha tutaeleza namna ufuatiliaji unavyofanyika. Baada ya hapo tutatoa mifano miwili ya kweli, mmoja wa Marekani na mmoja wa Kenya, na mwisho tutataja yale yanayotupasa sisi wenyewe.

SITARA KATIKA UISLAMU

Uislamu umeipa nyumba ya mtu heshima kubwa. Katika Sura An-Nur (24), aya ya 27 na ya 28, Waumini wameamrishwa wasiingie nyumba zisizo zao mpaka waombe ruhusa na wawatolee salamu wenyewe, na wakiambiwa warudi, basi warudi. Sisi watu wa pwani tunaijua adabu hii tangu utotoni. Mtu hubisha hodi mara tatu, na asipojibiwa huondoka, wala hachungulii dirishani.

Katika Sura Al-Hujurat (49), aya ya 12, tumekatazwa mambo matatu yanayofuatana: kudhaniana vibaya, kupelelezana na kusengenyana. Ukiyatazama vizuri utaona kuwa moja huzaa jingine. Anayemdhania mwenzake vibaya huanza kumpeleleza, na akishampeleleza hukosa kustahimili, akaenda kuyasema aliyoyapata. Upelelezi huo kwa Kiarabu huitwa tajassus, na neno "jasusi" tunalolitumia katika Kiswahili limetoka katika asili hiyo hiyo.

Imepokewa pia katika vitabu vya Bukhari na Muslim kwamba mtu mmoja alichungulia kwenye tundu la mlango wa Mtume (S.A.W.), naye Mtume alikuwa na kitana cha chuma mkononi akijikuna kichwa. Mtume alimkemea vikali, akabainisha kuwa sharti la kuomba ruhusa limewekwa kwa sababu ya macho. Kwa hiyo anayeingia nyumba ya mtu kwa jicho lake ameingia, hata kama miguu yake imebaki nje.

Huenda mwanafunzi akauliza: "Je, mtawala naye amefungwa na amri hii, au ni kwa majirani tu?" Jibu linapatikana katika kisa mashuhuri cha Sayyidna Umar (R.A.) kinachosimuliwa katika vitabu vya wanazuoni. Usiku mmoja alipokuwa akizunguka mitaa ya Madina, alisikia sauti ndani ya nyumba, akaparamia ukuta, na humo ndani akamkuta mtu katika maasi. Alipomkaripia, mtu yule alimjibu kwamba ikiwa yeye amekosa jambo moja, basi Amirul Muuminina amekosa matatu: amepeleleza, na Mwenyezi Mungu amekataza kupeleleza, ameingia kwa kupanda ukuta, na tumeamrishwa kuziingia nyumba kwa milango yake, na ameingia bila ya ruhusa wala salamu. Umar (R.A.) aliikubali hoja hiyo, akamsamehe baada ya kuahidi kuwa atajirekebisha, akatoka.

Tuzingatie mambo mawili katika kisa hiki. La kwanza, aliyeingia hakuwa mtu wa kawaida. Alikuwa Khalifa, na nia yake ilikuwa njema. La pili, aliyeingiliwa hakuwa mtu safi. Alikuwa mkosaji kweli. Hata hivyo njia iliyotumika kumgundua ilihesabiwa kuwa kosa. Na katika Sunan ya Abu Daud imepokewa maana ya kuwa kiongozi akishika njia ya kuwatafutia watu shaka, huwaharibu watu hao. Maneno haya tuyaweke moyoni, kwa sababu tutayarudia hapo mbele.

JE, SERIKALI HAINA HAKI YA KUCHUNGUZA?

Hatusemi hivyo. Kulinda roho na mali za watu ni wajibu wa serikali yoyote. Sisi Waafrika Mashariki tunaujua uchungu wa kushambuliwa. Tarehe 7 Agosti 1998 ubalozi wa Marekani mjini Nairobi na ule wa Dar es Salaam ililipuliwa kwa mabomu, wakafa watu zaidi ya 200, wengi wao wakiwa wananchi waliokwenda kazini kama siku nyingine. Mwaka 2013 watu 67 waliuawa katika jengo la maduka la Westgate mjini Nairobi, na mwaka 2015 watu 148, wengi wao wanafunzi, waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Hakuna mwenye akili anayetaka wauaji wa namna hiyo waachwe wapange mipango yao kwa raha.

Lakini kuchunguza kuna njia yake. Njia hiyo ina masharti matatu ambayo watu wa sheria duniani wanayakubali, nayo hayapingani na tuliyoyataja juu:

(1) Pawepo sababu maalumu inayomhusu mtu maalumu. Haitoshi kuwa mtu ni wa dini fulani, kabila fulani au mtaa fulani.

(2) Pawepo kibali cha sheria, hasa cha mahakama, ili anayechunguza asiwe ndiye huyo huyo anayejipa ruhusa.

(3) Uchunguzi uwe na mpaka. Kilichotafutwa kikipatikana au kikikosekana, uishe, na yaliyokusanywa yasitumike kwa jambo jingine.

Wazee wetu wana methali isemayo: "Mficha uchi hazai." Mama anapojifungua humfunulia mkunga, na mgonjwa humfunulia tabibu, kwa sababu haja ipo na mtu anajulikana. Lakini mkunga akitoka nje akayasimulia kisimani yale aliyoyaona, hakuna atakayesema kuwa mama yule alikubali tangu alipomruhusu kuingia. Taarifa za mtu ni amana. Hutolewa kwa haja fulani, kwa mtu fulani, na kuzitumia kwa jambo jingine ni khiyana. Hili ndilo jambo kubwa tunalotaka msomaji aondoke nalo katika makala hii.

NAMNA TUNAVYOFUATILIWA

Watu wengi hudhani kufuatiliwa maana yake ni kusikilizwa mazungumzo ya simu. Hiyo ni sehemu moja tu, tena si kubwa. Simu ya mkononi, ili ipate mawasiliano, huwa inajitambulisha kwenye mnara ulio karibu nayo hata kama hakuna anayezungumza. Kampuni ya simu huweka kumbukumbu ya nani amempigia nani, saa ngapi, kwa dakika ngapi, na akiwa karibu na mnara upi. Kumbukumbu hizi zina kazi ya halali, kwa mfano kutoza malipo. Lakini ukizikusanya kwa mwaka mzima, utajua mtu analala wapi, anafanya kazi wapi, anaswali msikiti gani, ana ugomvi na nani, na usiku gani alimkimbiza mtoto hospitali.

Tuchukue mfano. Mtu amepiga simu kwenye kliniki asubuhi, akampigia mkewe kwa dakika arubaini, kisha jioni akampigia wakili anayeandika wasia. Hatujasikia hata neno moja, lakini tumeshaijua siri ambayo hata ndugu zake hawajaijua. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Siku hizi kata yetu ni simu, na tunalala nayo chini ya mto.

Mbali na simu, zipo kamera za barabarani, zipo kumbukumbu za malipo ya pesa kwa simu, na yapo masijala makubwa ya serikali yenye alama za vidole na picha za nyuso. Nchini Tanzania, kwa mfano, kuanzia Mei 2019 kila laini ya simu ilitakiwa kusajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, na baada ya Januari 2020 laini ambazo hazijasajiliwa hivyo zilianza kufungwa. Lengo lililotajwa lilikuwa kupambana na utapeli na uhalifu, na hilo ni lengo jema. Lakini tangu hapo kila simu imefungamana na kidole cha mtu.

Dunia nzima ilizinduka juu ya jambo hili mwezi wa Juni 2013. Kijana wa Kimarekani aitwaye Edward Snowden, aliyekuwa akifanya kazi katika shirika la ujasusi wa mawasiliano la nchi yake, NSA, aliwapa waandishi wa habari nyaraka za siri. Moja ya nyaraka hizo ilikuwa amri ya mahakama ya siri iliyoitaka kampuni ya simu ya Verizon ikabidhi kila siku kumbukumbu za simu za wateja wake wote, si za watuhumiwa peke yao. Serikali ya Marekani ilimfungulia mashtaka ya ujasusi, naye akakimbilia Urusi. Lakini mwezi wa Mei 2015 mahakama ya rufaa mjini New York ilisema kuwa ukusanyaji ule wa jumla haukuwa na idhini ya sheria, na mwezi uliofuata Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuusimamisha. Barani Ulaya nako, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua mwezi wa Mei 2021 kwamba mfumo wa Uingereza wa kunasa mawasiliano kwa jumla ulikosa kinga za kutosha na ulivunja haki ya faragha.

MFANO WA KWANZA: WAISLAMU WA NEW YORK

Haya ya simu yaliwagusa watu wote. Mfano huu unawahusu Waislamu peke yao. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, polisi wa jiji la New York waliunda kikosi maalumu ndani ya idara yao ya upelelezi. Kazi yake haikuwa kumfuata mtu aliyeshukiwa kwa tendo fulani. Kazi yake ilikuwa kuzijua sehemu zote ambazo Waislamu hukutana: misikiti, mikahawa, maduka ya vitabu, vinyozi na vyama vya wanafunzi vyuoni. Waliandaa orodha ya asili 28 za watu wa kuangaliwa, wakaongeza na Waislamu weusi wa Marekani. Askari waliovaa nguo za kiraia waliingia mikahawani, wakaagiza chai, wakasikiliza watu wanazungumza nini, kisha wakaandika ripoti. Wapo waliopelekwa misikitini kusikiliza hotuba, na wapo waliovuka mpaka wa jiji wakaenda kufanya kazi hiyo katika jimbo jirani la New Jersey.

Wanafunzi hawakusalimika. Mwezi wa Aprili 2008 kundi la wanafunzi Waislamu wa chuo kimoja cha jiji hilo walikwenda matembezi ya kupiga makasia mtoni. Miongoni mwao alikuwamo askari wa siri. Katika ripoti yake aliandika majina ya waliokuwapo, na akaandika pia kuwa kundi hilo liliswali si chini ya mara nne kwa siku. Ndugu wanafunzi, fikirini jambo hili. Vijana wamekwenda kucheza majini, wakakumbuka swala zao kama walivyofundishwa na wazazi wao, na swala hiyo ikawa habari ya kupelekwa polisi.

Mambo haya yalifichuliwa na waandishi wa shirika la habari la Associated Press kuanzia Agosti 2011, na mwaka 2012 kazi yao ilipata tuzo ya Pulitzer. Mwaka huo huo mkuu wa idara ya upelelezi ya polisi hao alihojiwa chini ya kiapo. Alikiri kwamba katika muda wa zaidi ya miaka sita aliyoiongoza idara hiyo, kazi ya kikosi kile haikuwahi kutoa hata fununu moja iliyoanzisha uchunguzi wa ugaidi. Kikosi kilivunjwa mwezi wa Aprili 2014.

Basi je, hakuna kilichopatikana? Kilichopatikana ni hasara. Ripoti iliyotolewa mwaka 2013 na mashirika ya haki za raia ya huko ilieleza kuwa watu walipunguza kwenda msikitini, maimamu walichunga kila neno, na vyama vya wanafunzi viliepuka kuzungumza siasa. Mgeni aliyesilimu na kuja msikitini kwa bidii alitiliwa shaka badala ya kukaribishwa. Mmoja wa waliokwenda mahakamani alikuwa askari wa akiba wa jeshi la Marekani aliyewahi kutumikia Iraq, ambaye alipunguza kwenda msikitini akihofia kuharibiwa kazi yake. Hapa ndipo maana ya ile Hadithi inapodhihiri. Watawala walipowatafutia watu shaka, watu wenyewe kwa wenyewe wakaanza kushukiana.

Jambo la kutia moyo ni kwamba Waislamu hao hawakulipiza kwa jeuri. Walikwenda mahakamani, wakasaidiwa na mawakili wa dini mbalimbali. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa iliwapa haki ya kusikilizwa kesi yao baada ya mahakama ya chini kuitupa, na mwezi wa Aprili 2018 polisi walifanya nao sulhu na kukubali kutowafuatilia watu kwa sababu ya dini au asili yao peke yake.

MFANO WA PILI: HUDUMA NAMBA YA KENYA

Huko New York watu waliangaliwa bila ya kujua. Kuna namna nyingine ambayo mtu huitwa mwenyewe aje atoe habari zake, na hii iko karibu nasi zaidi.

Mwishoni mwa mwaka 2018 Bunge la Kenya lilibadilisha sheria ya usajili wa watu ili kuunda masijala moja ya taifa, ambayo wananchi waliijua kwa jina la Huduma Namba. Sheria hiyo iliruhusu serikali ichukue alama za vidole, vipimo vya mkono na ndele ya sikio, mboni za macho, mawimbi ya sauti, hata vinasaba, yaani DNA. Iliruhusu pia kuandikwa mahali halisi nyumba ya mtu ilipo kwa vipimo vya satelaiti. Usajili ulifanywa Aprili na Mei 2019, na kwa hesabu ya serikali walioandikishwa walizidi milioni 35. Wakati huo Kenya haikuwa na sheria ya kulinda taarifa hizo.

Miongoni mwa waliokwenda mahakamani kuupinga mpango huo ni shirika la Wanubi liitwalo Nubian Rights Forum. Wanubi ni Waislamu, wajukuu wa askari kutoka Sudan walioletwa na Waingereza, wakakalishwa Kibera mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa nini wao ndio walioshtuka? Kwa sababu wameonja. Kwa miaka mingi kijana wa Kinubi aliyetimiza miaka 18 hakupata kitambulisho kama kijana mwingine. Ilimbidi apigwe msasa mbele ya kamati, alete vyeti vya wazazi, pengine na vya babu. Vijana wengi wa Kisomali na wa maeneo ya mpakani walipitia hali kama hiyo. Mwaka 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki za Mtoto iliamua kuwa Kenya imevunja haki za watoto wa Kinubi. Ni mwezi wa Februari 2025 tu ambapo Rais William Ruto alitia sahihi tamko la kuondoa msasa huo wa ziada katika kaunti za mpakani.

Sasa, mtu ambaye kitambulisho kinampa taabu akiambiwa kuwa shule, hospitali na kazi vitategemea namba moja, anajua kuwa asiyekuwamo katika masijala hiyo atakuwa kama hayupo. Aliyemo naye amekabidhi kila kitu chake bila ya kujua nani atakisoma. Wanubi waliziona hofu zote mbili kwa pamoja.

Tarehe 1 Aprili 2019 Mahakama Kuu ilitoa amri ya muda kwamba usajili uwe wa hiari, vinasaba na vipimo vya nyumba visichukuliwe, na asiyejiandikisha asinyimwe huduma. Tarehe 30 Januari 2020 majaji watatu walitoa hukumu yao. Walisema kuchukua vinasaba na vipimo vya satelaiti ni kinyume cha Katiba, na mfumo uliobaki unaweza kuendelea iwapo kwanza patawekwa kanuni kamili za kuulinda. Hawakusema serikali isiwe na masijala. Walisema isichukue zaidi ya haja yake, na ijenge boma kabla ya kuleta mifugo. Kisha tarehe 14 Oktoba 2021 Mahakama Kuu iliamua tena kuwa utoaji wa kadi za Huduma ulikuwa batili, kwa kuwa serikali haikufanya tathmini ya madhara kama sheria mpya ya data ilivyotaka. Serikali iliyoingia mwaka 2022 iliacha jina hilo ikaleta Maisha Namba, ambayo nayo ilipelekwa mahakamani.

HOJA YA "ASIYE NA KOSA HAOGOPI"

Wako watakaosema: "Mimi si mwizi wala gaidi. Wacha waangalie wanavyotaka." Hoja hii tunaisikia sana, na tunaijibu hivi:

Kwanza, sitara si maficho ya maovu. Mtu hufunga mlango wa chooni, na hakuna anayemshuku. Binti hujisitiri kwa heshima yake, wala si kwa kuwa ana dosari.

Pili, anayeamua kosa ni nini si wewe. Wanafunzi wale wa New York hawakuwa na kosa, bali swala yao ndiyo iliyoandikwa. Taarifa iliyoandikwa leo na mtawala mwema itarithiwa kesho na mtawala mwingine usiyemjua.

Tatu, mashine na binadamu hukosea. Jina likifanana na la mhalifu, mwenye jina hilo atasimamishwa kila mpaka. Sisi Waislamu tunashirikiana majina machache: Muhammad, Ali, Abdallah, Fatma. Tunajua maana ya jambo hili.

Nne, sitara yako si yako peke yako. Simu yako ina namba za wenzako, picha za wake na watoto wao, na siri walizokuamini nazo. Ukisema huna cha kuficha, umewasemea na wao bila ya kuwauliza.

SHERIA ZETU ZINASEMAJE?

Ni vizuri kila mzazi ajue kuwa sitara ni haki iliyoandikwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Kifungu cha 31, inalinda mwili, nyumba, mali, mambo ya kifamilia na mawasiliano ya mtu. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Ibara ya 16, inalinda nafsi ya mtu, maisha yake ya kifamilia na ya unyumba, makazi yake na mawasiliano yake. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwezi wa Novemba 2019 na ina Kamishna wa Data. Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, na iko Tume ya kuisimamia.

Kwa ufupi, sheria hizi zinampa mtu haki ya kuelezwa kwa nini taarifa zake zinachukuliwa, haki ya kuziona, haki ya kutaka zirekebishwe zikiwa na makosa, na haki ya kulalamika. Zimeweka nafasi za kipekee kwa ajili ya usalama wa taifa, na nafasi hizo ndizo za kuangaliwa kwa makini, kwa sababu mlango wa dharura ukiachwa wazi kila siku huwa mlango wa kawaida.

YATUPASAYO SISI

Haitakuwa haki tuidai serikali sitara na sisi kwa sisi tukavuliana nguo. Kwa hiyo tunausiana mambo yafuatayo:

(1) Mwanafunzi asifungue simu ya mwenzake wala ya mzazi wake bila ya ruhusa, wala asirekodi mazungumzo au kusambaza picha ya mtu bila ya ridhaa yake. Hiyo pia ni tajassus.

(2) Mzazi anayo haki na wajibu wa kumlinda mtoto, lakini amweleze wazi kuwa ataikagua simu yake na kwa sababu gani. Mtoto anayepelelezwa kwa siri hujifunza kuficha zaidi.

(3) Kabla ya kujaza fomu yoyote au kuweka kidole kwenye kifaa, tuulize: nani anachukua, kwa kazi gani, na je ni lazima? Kuuliza kwa adabu si utovu wa nidhamu.

(4) Namba ya siri ya simu na ya pesa ni mfano wa ufunguo wa nyumba. Asipewe rafiki, wala mtu anayepiga simu akijidai ni wa kampuni.

(5) Madrasa na misikiti tunaweka madaftari yenye majina ya watoto, namba za wazazi, hali za mayatima na waliopokea zaka. Hizo ni amana. Zifungiwe, na asizisome asiyehusika. Picha za watoto zisiwekwe mitandaoni bila ya idhini ya wazazi. Mwezi wa Septemba 2023 Kamishna wa Data wa Kenya aliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kosa hilo hilo.

(6) Anayejua kwa yakini kuwa mtu anapanga kumwaga damu asinyamaze kwa kisingizio cha sitara. Sitara ni kwa aibu za watu, si kwa kuficha madhara kwa roho zisizo na hatia.

(7) Haki ikivunjwa, tufuate njia ya sheria kama walivyofanya Wanubi wa Kibera na Waislamu wa New York. Kwa hiyo tunawahimiza wanafunzi wetu, wavulana na wasichana, wasome sheria na wasome kompyuta. Umma unahitaji mawakili watakaosimama mahakamani, na mafundi watakaojua mashine hizi zinafanya nini.

HITIMISHO

Mwislamu anajua kuwa Mwenyezi Mungu anamwona popote alipo, nyumbani na njiani, na Malaika wanaandika. Hilo ndilo linalomfanya awe mwema hata akiwa peke yake. Lakini jicho la Mwenyezi Mungu halidhulumu, halisahau wala halisengenyi, na Yeye ni Mwenye kusitiri. Jicho la binadamu haliko hivyo, hata likivaa sare ya serikali. Ndiyo maana linahitaji kubisha hodi, kueleza haja yake, na kuondoka haja ikiisha.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atusitiri hapa duniani na kesho Akhera, azijaalie nchi zetu amani na uadilifu, na awape viongozi wetu hekima ya kuilinda amana waliyopewa. Amin.

Wabillahi Tawfiq.